Vifungo Upande wa Kiume

Siku ya kwanza kazini niliingia ofisini nimevaa gauni la kitenge chenye maua ya njano, mikono imevimba kama maandazi, na nilijiona nimependeza hadi basi. Ilikuwa Shinyanga, miaka ya sabini mwanzoni, nami ndiyo kwanza nimeapishwa uwakili. Mwenye ofisi alikuwa wakili mkongwe ambaye mji mzima ulimwita Mzee Wakili. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wakili mpya?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mbona sikuoni?"

Nilicheka, nikidhani ni utani wa kunikaribisha. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba Mahakama Kuu ina macho yake. Wakili aliyevaa visivyo haonekani wala hasikiki. Unaweza kusimama ukasema mpaka jua lizame, Jaji atauliza kwa upole kama upande wa utetezi una wakili, na mteja wako atabaki peke yake. Joho na ile bendi nyeupe ya shingoni ningeazima ofisini, lakini ndani ya joho lazima iwepo suti, tena ya rangi nzito.

"Na suti ya nini mapema hivi, Mzee?" nikauliza.

Akanisukumia jalada. Ilikuwa kesi ya kupangiwa, yaani ile ambayo mahakama inampa wakili mshitakiwa wa mauaji asiyeweza kujilipia. Mawakili wakubwa hawazigombanii, kwa hiyo huangukia wachanga. Mshitakiwa alikuwa mjane kutoka vijiji vya upande wa Kharumwa, Mama Limi, aliyedaiwa kumpa mumewe sumu. Jaji angekuja kutoka Mwanza baada ya wiki chache kusikiliza kesi za mauaji, na kosa lile adhabu yake ni kunyongwa. Nilisoma ukurasa wa kwanza nikiwa nimesimama, halafu nikatafuta kiti.

Nilikwenda gerezani kesho yake. Mama Limi aliletwa akaketi mbele yangu, akaangalia sakafu. Nikamsalimu kwa Kisukuma, mwangaluka mayo, yaani umeamkaje mama, maana mimi ni Msumbwa wa Ushirombo na Kisukuma nimekulia nacho. Akaitikia salamu, basi. Kila nilichouliza kilimpita. Askari magereza wa kike aliyemsimamia akaniambia niache kujichosha, mama huyu amenyamaza tangu walipomleta. Nilitoka pale nikiwa sina suti na sina utetezi.

Tuanze na suti, maana ndiyo mnayoniuliza siku hizi ninyi mawakili vijana, mnaonunua makoti yanayong'aa kama karatasi ya peremende halafu mvua moja tu kola inakunja mkia.

Dukani suti mpya ziliwekwa dirishani kwa ajili ya wakubwa, na mshahara wangu ulikuwa umekwisha kabla haujafika. Halafu zote zilikuwa za kiume. Suti ya mwanamke wa mahakamani hakuna aliyekuwa amewahi kuulizwa. Nikaenda kwa fundi cherehani mmoja karibu na soko, Fundi Shija, mtu mpole mwenye futi ya kupimia shingoni mchana kutwa. Akakuna kidevu.

"Suti ya mwanamke sijashona bado, dada. Lakini koti ni koti. Niletee suti nzuri ya mwanamume mkubwa, aliyeshiba. Nitaipunguza, na suruali yake itazaa sketi."

Jamani, nilitoka pale kama niliyeambiwa nimefaulu mtihani mara ya pili. Jumamosi nikapanda treni hadi Isaka, nikadandia lori mpaka mnadani Kagongwa. Huko, baada ya ng'ombe na masufuria, walikuwapo wachuuzi wa nguo kuukuu waliomwaga mizigo yao juu ya maturubai. Nguo zile tuliziita kafaulaya. Watu walisema Mzungu kafa Ulaya ndiyo nguo zake zikaja huku, maana nani mzima angetoa koti zuri namna ile?

Nilichambua turubai moja baada ya jingine, na mpaka leo nikikumbuka mikono inawasha. Sikilizeni vizuri. Kwanza funga macho ushike. Sufu halisi ukiibana ngumini halafu ukaiachia, inajikunjua yenyewe. Kitambaa cha mchanganyiko kinabaki na makunyanzi. Kisha finya kifua cha koti. Koti lililoshonwa na mtu anayejua lina kitambaa cha tatu katikati, kimeshikizwa kwa sindano ya mkono, nawe utakisikia kinateleza kati ya vidole. La ovyo limegandishwa kwa gundi, litavimba mapovu siku likikutana na pasi ya mkaa. Linyanyue juani uangalie matundu ya nondo. Tazama viwiko na makalio ya suruali, maana kitambaa kikianza kung'aa hapo kimechoka. Mwisho geuza ndani uone mshono umeachiwa nafasi kiasi gani, kwa kuwa nguo yenye nafasi inaweza kukua nawe, na sisi wote tunakua.

Nilipata suti ya kijivu kilichokolea, karibu nyeusi, ya mtu mrefu mwenye tumbo. Nilipoifinya kifuani, kile kitambaa cha tatu kikateleza. Nikaogopa muuzaji ataiona furaha yangu. Nikaitupa chini kwa dharau, nikashika shati moja baya, nikauliza bei ya shati.

"Dada, chukua na suti basi," akasema.

"Hiyo? Ya nani kubwa hivyo?"

"Utakata ushone hata mapazia."

Tukavutana weee, mpaka wenzake wakaanza kumcheka, akanipa kwa bei aliyoijutia kabla sijafika mbali. Shati nililirudisha. Nilirudi Shinyanga na mzigo wangu mapajani, nikiufungua kila kituo kuhakikisha bado upo.

Fundi Shija aliifumua yote. Alipunguza mabega, akabana kiuno, na suruali ya yule mtu aliyeshiba ikazaa sketi iliyotulia chini ya magoti. Jambo moja tu lilimshinda. Koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto juu ya kulia, la mwanamke kinyume chake, na matundu ya vifungo ukishayakata hayahamishiki. "Vifungo vitabaki upande wa kiume," akasema. Nikamwambia vibaki, nani atatazama vifungo.

Nilijiangalia kwenye kioo chake kilichopasuka, na haki ya Mungu nilimwona wakili. Furaha ile sijui niieleze vipi. Nilitembea barabara nzima ya sokoni bila shughuli yoyote, ili nionekane tu.

Jumatatu niliivaa kwenda gerezani. Yule askari, kwa kuniona nimebadilika, akamchokoza Mama Limi kwa Kiswahili: "Usimwogope mwanasheria wako. Hata hiyo suti ni kafaulaya."

Mama Limi Kiswahili kilikuwa kinampiga chenga. Katika maneno yale alisikia moja tu, kafa. Akainua macho kwa mara ya kwanza. Akalitazama koti, akatazama vifungo, akatazama uso wangu. Akanyoosha mkono akashika ncha ya koti langu, akasema kwa Kisukuma, taratibu:

"Pole, mayo. Alikufa lini?"

"Nani?"

"Mume wako. Umekata koti lake ukavaa. Vifungo ni vya kiume."

Ningeweza kunyamaza nikavuna. Lakini sikuweza kumdanganya mtu anayenipa pole akiwa yeye ndiye mfiwa. Nikamweleza kwamba sijaolewa, kwamba koti ni la Mzungu wa mbali nisiyemjua, na kafaulaya ni jina tu la mnadani.

Akafikiri. "Kwa hiyo mjane wake yuko huko, na koti liko huku."

"Huenda."

Mabega yakaanza kumtetemeka, nikadhani analia. Kumbe anacheka. Alipomaliza akapangusa macho kwa kiganja.

"Basi tumefanana mimi na huyo mjane wa Kizungu," akasema. "La mume wangu liko kwa shemeji."

Hapo ndipo maneno yalipofunguka, nami kalamu ikashindwa kumfuata. Mumewe aliugua kifua muda mrefu. Siku ya Jumatano shemeji yake alikuja nyumbani na chupa ya dawa ya mizizi, mgonjwa akanywa, na kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kumpa, mume akavua koti lake la pekee akampa ndugu yake kama asante. Alhamisi akafa. Mama Limi alipotaja ile chupa, shemeji akaruka kimanga. Akawaambia polisi hajakanyaga pale tangu mavuno ya pamba. Ukoo mzima ukasimama naye, na mama akaona hakuna haja ya kusema tena.

"Koti lina alama?" nikauliza.

"Ndani, kwapa la kushoto. Bitana ilichanika, nikaiziba kwa kipande cha kanga yangu, ya maua mekundu."

Niliporudi ofisini Mzee Wakili alisikiliza hadi mwisho. "Vizuri," akasema. "Lakini koti lenyewe liko wapi? Kanga ya mdomoni Jaji hawezi kuishika." Shemeji angesema hajui koti lolote, na tungekuwa tumerudi tulipoanzia.

Siku ya kesi ilifika. Nilisimama nikajitambulisha. Jaji alinitazama kwa muda mrefu juu ya miwani. Kisha akaandika kitu na kusema, "Nakuona, Wakili." Mzee Wakili, nyuma yangu, akakohoa kidogo. Nilijua ni kikohozi cha furaha.

Shahidi wa kwanza wa upande wa mashitaka alikuwa katekista wa kigango chao. Alisema Jumapili kabla ya kifo alimwona marehemu kanisani, amejikunyata ndani ya koti lake la kahawia, anakohoa. Nikamwuliza swali moja tu: "Ulilijua koti hilo?" Akajibu, "Kila mtu analijua. Hakuwa na jingine." Nikakaa.

Kisha akaitwa shemeji. Mlango ukafunguliwa, nami nikashika meza. Alikuwa amevaa koti la kahawia.

Ndiyo, alilivaa. Amelipiga pasi, amenyoa, anang'aa mafuta. Anakwenda mbele ya Jaji, atavaa nini kama si nguo yake bora? Yeye naye alitaka kuonekana. Nikageuka kumtazama Mama Limi kizimbani. Amekodoa macho kwenye lile koti, mkono mdomoni.

Nilimwacha aape, akasimulia kwamba tangu mavuno ya pamba hajafika kwa kaka yake. Zamu yangu ya kumdodosa ikafika.

"Koti ulilovaa limekupendeza. Ulinunua?"

Karani akatafsiri. Jamaa akatabasamu. "Nilinunua, zamani."

"Mheshimiwa Jaji, naomba shahidi avue koti, mahakama ione bitana chini ya kwapa la kushoto."

Wakili wa Serikali alisimama kupinga, Jaji akamketisha kwa kidole. Koti likavuliwa, karani akaligeuza. Kile kipande cha kanga kikajitokeza, maua mekundu, sindano ndogondogo za mkono wa mwanamke. Wazee wa baraza, wale washauri wanaokaa na Jaji, wote wakainama mbele. Mmoja wao, Msukuma wa makamo, hakungoja ruhusa.

"Hii ni kazi ya mke wa nani?"

Jamaa akalitazama koti mikononi mwa karani. "Ya mke wa kaka," akasema mwishowe. "Kaka alinipa."

"Jumapili lilikuwa kanisani mwilini mwa kaka yako, Alhamisi amekufa," nikasema. "Alikupa siku gani?"

Jaji akamwambia ajibu. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba ilikuwa Jumatano. Nikamwuliza alikuwa amebeba nini siku hiyo, naye akaanza kulia, akasema hakujua kwamba dawa ile itamuua, alitaka kaka yake apone. Namwamini mpaka leo. Kosa lake lilikuwa kumwachia mwanamke mzigo wake.

Mama Limi aliachiwa huru. Nje ya mahakama alinishika vifungo, kimoja kimoja, akaniita mjane wa uongo. Jina hilo likanishika. Nilipohamia Kahama kufungua tawi la ofisi, na baadaye Geita nilikokaa hadi kustaafu, alikuwa akija mjini haachi kupita. Makarani wangu walizoea kumsikia mlangoni: "Mjane wa uongo yupo?" Koti la mumewe alirudishiwa, akampelekea Fundi Shija, akalivaa yeye.

Mimi niliolewa na mwalimu wa hesabu, Baba Tumaini, mtu asiyejua sufu wala gunia. Suti zake zote nilimchagulia mimi, minadani, kwa kufinya kifua, naye amesimama pembeni anaona haya. Alifariki miaka michache kabla sijastaafu. Mama Limi alikuja msibani, mzee tayari, na fimbo. Waombolezaji waliojua utani wetu walimtazama. Alikaa mkekani karibu yangu, akanishika mkono, hakuliita lile jina. Hajaliita tena.

Matanga yalipokwisha watoto waliuliza nguo za Baba tumpe nani. Nikawaambia wagawe, isipokuwa ile suti ya bluu iliyokolea. Nilipokaribia kustaafu niliipeleka kwa fundi mmoja hapa Kalangalala, Geita, kijana hodari, nikamweleza ninachotaka: abane mabega na kiuno, na suruali aifanye sketi. Nilitaka kuivaa siku yangu ya mwisho mahakamani.

Akaligeuza koti, akaonyesha vifungo. "Mama, hivi viko upande wa kiume. Watu watajua ni la mwanamume. Naweza kuziba matundu nikate mengine."

Nikamwambia asiviguse.