Nilimpa mtoto wa darasa la tano Chuo cha Ufagio kwa utani, akaenda kukitafuta kweli

Wakuu, wakubwa wangu shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Naandika kwa simu ya bi mkubwa, bando lake, na akinikuta nayo nitaulizwa maswali. Kwa hiyo muda wa kutunga sina. Nitakayoeleza yametokea hapahapa Songea, mimi nikiwepo, na sehemu kubwa mkosaji ni mimi. Wale wa kusema "chai" naomba mkae kwanza. Mtaiomba mwishoni kama bado mna kiu.

Mimi ni form four, shule ya kutwa, pande za Mfaranyaki. Darasani niko katikati, simsumbui mtu. Kwenye utani ndiyo nashika namba moja na sijawahi kushuka.

Muhula huu nilijichongea. Asubuhi moja kipaza sauti cha mstarini kilikuwa mezani, mwalimu wa nidhamu hajafika. Nikakichukua, nikaiga sauti yake, nikatangaza kwamba kuanzia leo walimu watadeki vyoo na wanafunzi watasimamia.

Shule nzima ikacheka. Halafu kicheko kikaanza kufa, mistari ya nyuma kuja mbele, kama upepo unavyolaza mahindi. Sikuhitaji kugeuka.

Hakunichapa. Alisema tu, "Huo mdomo umekosa kazi. Ngoja tuutafutie kibarua."

Kibarua chenyewe: wiki mbili, kila mchana baada ya vipindi, nivuke uzio wa michongoma niende shule ya msingi jirani kumsaidia Madam Mapunda, mwalimu wa darasa la tano.

Madam ni mtu mzima, umri wa mama yangu, haongei sana. Darasa lake lilikuwa limehamishiwa chumba kilichokuwa stoo. Tulitoa majembe, magunia, na meza moja ya miguu mitatu. Nikasukuma madawati siku mbili mpaka mgongo ukanitambua.

Hakutaka madawati ya mistari. Alitaka kona sita, kila kona iwe na chuo chake na karatasi ya manila ukutani. Watoto wakifanyie utafiti chuo chao, kisha Ijumaa ya wiki ya pili wazazi waje wasikilize.

"Hawa wanajua padri, polisi na mwalimu," aliniambia. "Ukiwauliza kazi nyingine wanaangalia dari."

Nikamuuliza, sasa Madam, darasa la tano na vyuo wapi na wapi?

"Na wewe wa kidato cha nne, unajua nini kuhusu vyuo?"

Wakuu, fomu yangu ya kuchagua tahasusi na vyuo niliijaza kwa kuangalizia kwa jirani. Mpaka chuo cha uvuvi kimo mle, na mimi hata Mto Ruvuma nauogopa kwenye ramani.

Siku ya kwanza nilijifanya mhadhiri. Nikaelezea astashahada, stashahada, shahada. Watoto themanini na kitu wakanitazama kama ng'ombe wanavyotazama basi la Njombe likipita. Mmoja akalala na mdomo wazi.

Siku ya pili nikabadili gia. Nikawaambia chuo ni mahali ambapo hakuna mtu anayekukagua kucha.

Wakainuka wote.

"Kaka, chuoni kuna viboko?"

"Hakuna."

"Ukichelewa je?"

"Unaingia, unakaa, mwalimu anaendelea."

Dogo mmoja wa mbele akasema taratibu, kama anaweka nadhiri, "Mimi nitasoma vyote."

Kuanzia hapo nikawa mfalme. Nikawapa maswali matatu ya utafiti: chuo kinafundisha nini, ili uingie unatakiwa ufaulu nini, ukimaliza unafanya kazi gani. Mtandao hawana, kwa hiyo kila mtu atafute mtu mzima anayefanya kazi ile, amwamkie, amuulize, aandike. Watoto wakanizunguka mpaka getini wakiniuliza kama rubani anapatikana Mpitimbi.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu.

Jumanne ya wiki ya pili Madam aliitwa semina ya siku mbili. Kabla ya kuondoka akanipa agizo moja. "Kona wachague wenyewe. Usiwapangie."

Nikajaribu. Wote wakakimbilia udaktari. Dawati likapinduka, mmoja akalia, mwingine akapoteza kiatu. Nikaona huu upuuzi. Ukutani kulikuwa na matokeo ya jaribio la mwisho, namba moja mpaka ya mwisho. Nikaanza kusoma majina kwa kufuata karatasi.

Wa kwanza mpaka wa kumi na tano, kona ya ubaoni, udaktari. Waliofuata, uhandisi. Kisha ualimu, kilimo, madini. Wale wa madini walishangilia, wengine wana wajomba Tunduru wanaouza mawe.

Msinishangae. Ndivyo tulivyokaa wengi wetu tangu la kwanza. Wenye akili ubaoni, wa mwisho mlangoni na ndoo.

Wakabaki kumi na moja wa mwisho. Kona iliyobaki ilikuwa ya nyuma, pale panapowekwa mafagio ya chelewa. Chuo cha sita kilikuwa hakijaamuliwa. Nikatazama mafagio, nikawatazama wao, nikachukua maka peni, nikaandika kwa herufi kubwa:

CHUO KIKUU CHA UFAGIO.

Darasa likavunjika mbavu. Watoto wa udaktari waligonga madawati. Hata wale kumi na moja walicheka, ile ya kucheka ukiangalia wenzako wanacheka vipi. Nami nikainama kama msanii jukwaani.

Mmoja hakucheka. Anaitwa Skola, Skolastika kwa kirefu. Mwembamba, sweta limeraruka kiwiko. Alinakili lile jina kwenye daftari, kisha akanyoosha mkono.

"Kaka, kinapatikana wapi?"

Nikamjibu, "Kaulizie. Ndiyo maana ya utafiti."

Wakacheka tena. Nikabandika manila yangu kwa gundi ya uji wa muhogo, nikaenda nyumbani nimefurahi.

(Nimerudi. Bi mkubwa alipokea simu ya shangazi wa Tunduru, dakika ishirini za kuulizia korosho.)

Alhamisi, siku moja kabla ya wazazi kuja, nikaanza kukusanya utafiti. Madam alirudi semina mchana ule, akaitwa moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu.

Udaktari waliniletea sentensi moja kwa watu kumi na tano: "Daktari anatibu wagonjwa." Ualimu walimvizia Madam getini wakamhoji yeye peke yake, wote. Madini walileta jiwe la barabarani wakasema ni yakuti, wakataka nilifungie kabatini.

Nikafika nyuma. Kumi walikuwa hawana kitu, walisema chuo chao hakipo. Skola akanipa daftari.

Kurasa nne, wakuu. Mwandiko umebanwa kuokoa karatasi.

Alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri, siku mbili mfululizo, akaenda na mama yake kazini. Mama yake anafagia barabara ya soko.

Nilisoma ile sentensi mara mbili. Nilikuwa sijui. Naapa.

Akaendelea. Mama alisema yeye hakusomea ufagio, alionyeshwa tu, lakini bosi wao amesoma. Skola akamsubiri huyo bosi, bwana afya, mpaka akaja kukagua mifereji. Akamwamkia, akamuuliza maswali yangu matatu. Yule baba wa watu akasimamisha pikipiki akamjibu yote. Kwamba kuna kozi inaitwa afya ya mazingira, inafundishwa vyuo vya afya. Kwamba usizikimbie baiolojia na kemia. Kwamba mfereji usipozibuliwa kabla ya masika, kipindupindu hakiulizi nani alikuwa wa kwanza darasani. Haya ya mwisho sijui kama aliyasema bwana afya au ni Skola mwenyewe.

Chini kabisa aliandika: "Kaka alikosea jina la chuo. Bwana afya kasema tumsamehe, jina la kweli ni refu."

"Kesho mama anakuja," akaniambia. "Ameomba ruhusa kazini. Nimemwambia kazi yake ina chuo."

Sikulala vizuri. Mama anakuja kuona kazi yake imeheshimiwa, na ukutani kuna dhihaka yangu, juu ya mafagio, kwenye kona ya wa mwisho.

Ijumaa nikaomba ruhusa, nikavuka michongoma mapema kuliko mwalimu wa zamu. Nikakamata manila nikavuta. Wakuu, uji wa muhogo ukikauka ni saruji. Karatasi ikachanika katikati. Nikabaki na CHUO KIKUU CHA mkononi, ukutani kikabaki UFAGIO peke yake, kikubwa kuliko mwanzo. Nikakwangua kwa kucha, kwa rula, kwa kifuniko cha soda. Wazazi wakaanza kuingia.

Mama Skola alikuja na kizibao chake cha kazi, kile cha rangi ya chungwa, vumbi mpaka kwenye kope. Akakaa dawati la nyuma, chini kabisa ya lile neno. Akageuka, akalisoma. Akageukia mbele.

Madam naye alilisoma. Akanitazama mimi.

Kona zikapita. Udaktari wakasema daktari anatibu wagonjwa, wazazi wakapiga makofi. Zamu ya nyuma ilipofika akasimama Skola, na baba mmoja pale dirishani akasoma ukuta kwa sauti, "Ufagio," akacheka. Watoto wakadaka. Hawakuwa na kosa, kicheko chenyewe niliwafundisha mimi.

Skola akasubiri. Mikono nyuma, kama Madam anavyosubiri.

Kulipotulia akauliza, "Nani hapa amepita sokoni leo asubuhi?"

Mikono mingi ikainuka, hata ya yule baba.

"Mlikanyaga taka?"

Vichwa vikatikiswa kukataa.

"Basi huyo ni mama yangu," akasema, halafu akafungua daftari akasoma kurasa zote nne. Kwenye kemia alikwama kidogo kutamka. Hakuna aliyecheka. Yule baba alipiga makofi wa kwanza, nampa haki yake.

Mama Skola hakupiga makofi. Alikuwa ameshika mdomo kwa mkono.

Watu walipotoka akanifuata. "Yule mwalimu anayesemwa na Skola ni wewe?"

Wakuu, ningeweza kusema ndiyo. Uongo mdogo, na shukrani nyingi zilikuwa zinanisubiri pale. Nikasema, "Mama, shikamoo. Hilo jina niliandika kwa utani. Sikujua kama ni kazi yako. Ningejua nisingemweka pale."

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

"Ungejua," akasema, "ungemweka wapi?"

Nikainama kuokota vipande vya manila. Mimi, namba moja wa majibu.

Maana ukweli ni kwamba ningemtoa Skola nikamweka mtoto mwingine. Mafagio yangebaki palepale, na kona ile ingekuwa na wa mwisho wake. Nilidhani kosa langu ni kutomjua mama yake.

Madam aliongea Jumatatu, tukiwa tunakwangua ukuta wawili kwa maji ya moto. "Ulimi wako ungekuwa jembe, tungeshalima mpaka Madaba," akasema. Baadaye kidogo: "Nilikwambia wachague wenyewe."

Tukachanganya upya. Niliwaita mmoja mmoja kwa karatasi za bahati nasibu, nani aanze kuchagua. Ilichukua mchana mzima na kiatu kingine kikapotea. Mafagio tukayahamishia nje. Skola alivuta karatasi namba tatu, angeweza kwenda popote. Akarudi kona ileile ya nyuma, akaandika jina refu kwenye manila mpya. Wa udaktari wawili wakamfuata.

Adhabu yangu imeisha. Bado navuka michongoma, mwalimu wa nidhamu hajui, msinichome.

Na ile fomu nimemwomba mwalimu wetu niirekebishe. Ananipa mpaka wiki ijayo. Nina daftari, nina maswali matatu, jana nimeshamwamkia fundi umeme mmoja akanifukuza, nitarudi.

Nilichojifunza ni hiki: mtoto ukimpa kiti anakipokea kama jibu. Ukimpa swali anaamka saa kumi na moja alfajiri.

Sasa nyie mliokaa dawati la mwisho, karibu na ndoo. Nani aliwaweka pale, na mliondokaje? Andikeni hapo chini, nitasoma bi mkubwa akilala.