Leso Moja Ukweni

Naona haya hata kuwasimulia, ila binti yangu Kanze ameshaieneza habari hii nusu ya Malindi, basi afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Nilikuwa nimekwenda Italia alikoolewa, kuonana na wakwe kwa mara ya kwanza. Kabla ya safari nilimhubiria sana Kanze kuhusu kujistiri ukweni (mimi huyuhuyu), na asubuhi ya kupelekwa kutembezwa mji wa kale, zipu ya sketi yangu ikafumuka nyuma yote, maana tangu nishuke ndege nilikuwa nikila tambi tu.

"Mama, badilisha," Kanze akaniambia.

"Tutawachelewesha watu. Leso itafunika."

Nikajifunga leso moja, ya pili nilikuwa nimeifua ingali kwenye kamba, tukaenda. Mamake mkwe wangu, Rosa, alinishika mkono vichochoro vyote vile vya mawe, nami nikajiona mtu wa maana. Kufika mlangoni mwa kanisa kuukuu, bawabu akamzuia Rosa kwa kuwa mabega yake yako wazi. Kanisa alilobatiziwa. Akaiva uso, akasema tuingie tu, yeye atatungoja juani. Sasa niambieni, ningefanyaje? Mtu ananilisha, ananilaza, nami leso ninayo kiunoni. Nikaifungua, nikamtandia mabegani. Kanze akafumba macho.

Ndani nikauganda ukuta. Wenzangu wanatazama michoro ya dari, mimi natembea upande kama kaa, mgongo ukutani, namchekea kila anayeniangalia. Mumewe Rosa, mzee mpole sana, akadhani ndiyo adabu yetu ya kutoipa madhabahu kisogo, akaja akaegemea ukuta kando yangu, naye akaanza kwenda upande. Mwanawe akamfuata, halafu na wageni wengine nisiowajua kabisa, tukalizunguka kanisa hivyo, kimya, kwa heshima kubwa, mpaka tukafika kwenye mlango wa pembeni na ukuta ukaisha.

Nilisikia bawabu akikohoa nyuma yangu. Shimizi yangu ilikuwa nyekundu.

Rosa akaja upesi. Akivua leso, mabega yake yako nje. Asipoivua, mimi niko nje. Basi akasimama nyuma yangu, akanikumbatia kiunoni, tukatoka tumegandana, leso imemsitiri yeye na yeye amenisitiri mimi. Nje tulicheka mpaka tukaketi ngazini.

"Anauliza mbona hukusema," Kanze akanitafsiria.

"Mwambie sikutaka kuwachelewesha."

Rosa akajibu kitu, Kanze akashindwa kujizuia. "Anasema mtandio wake aliusahau nyumbani, akaona akiurudia atakuchelewesha wewe."

Ile leso nilimwachia. Ila siku hizi hata sokoni siendi kabla sijaikagua zipu, na leso natembea nazo mbili, moja yangu na moja ya mkwe.