Kuta Tatu Ndani ya Tenki

Siku ile tulikuwa wanne kwenye mashua. Mimi, fundi wa kuchomelea kutoka Majengo, Songea. Mdogo wangu wa kike anayenifuata, muuguzi wa zahanati ya kijiji kimoja cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa ambako gari halifiki. Nahodha, mwenye mashua, mtu mzima mwenye mvi. Na mkewe, aliyekuja ufukweni kutuambia kwamba yeye hapandi, kisha akawa wa kwanza kupanda.

Mashua yenyewe ni ndogo, ya tanga moja, na nyuma ina injini kuukuu ya dizeli. Upepo ukiwepo, inatembea bure. Upepo ukifa, injini inaibeba. Ndiyo gari la wagonjwa la kijiji kile. Shida ilikuwa mafuta. Tenki lilikuwa dumu la lita ishirini lililotobolewa na kufungwa mpira. Lilitosha kwenda Mbamba Bay, kwenye hospitali na kituo cha mafuta. Walijaza huko, lakini kurudi bila upepo kulimaliza karibu yote, na kijijini hakuna pa kununua. Masika yaliyotangulia walirudi siku isiyo na upepo, wakafika kijijini na mafuta kidogo, na kabla hawajapata mengine akaja mama mwenye uchungu. Wakaondoka naye hivyo hivyo. Injini ikazima katikati ya safari. Mtoto alizaliwa humo ndani, mdogo wangu akimpokea, nahodha akipiga kasia huku ametazama pembeni kwa heshima. Mama na mtoto walipona.

Mdogo wangu alinipigia simu. "Kaka, sitaki kumjaribu Mungu mara ya pili. Tutengenezee tenki."

Niliacha shule darasa la sita, baba alipomfuata mama kaburini, na tangu hapo kazi yangu imekuwa chuma. Milango, mageti, vitanda, matenki ya mashine za kusaga. Nilijua tenki. Wanakijiji walichanga bati nene, mdogo wangu akanitumia vipimo vya nafasi iliyopo chini ya benchi, nami nikachomelea tenki la lita sitini, pana na fupi kama sanduku la nguo. Nilipaka maungio povu la sabuni, nikajaza upepo kwa pampu ya baiskeli, nikatazama. Hakuna tundu hata moja. Nililipenda tenki lile.

Nilikuwa sijawahi kuliona ziwa. Basi lilipoanza kushuka kutoka milima ya Umatengo, niliona buluu imesimama mbele yetu, nikadhani ni anga. Kisha nikaona anga liko juu yake. Niliteremka Mbamba Bay, walikokuwa wamenifuata kwa mashua. Nilipoufikia ufuko niliyashika maji kwa mkono, maana macho peke yake hayakunitosha.

"Shikamoo, baba," nilimsalimia nahodha.

"Marahaba, fundi. Mbona unayashika kwa kidole kama unaonja mboga? Au ndiyo kweli wanavyosema, Mngoni na maji ni mtu na mkwewe?"

"Tunaheshimiana, baba."

"Leo mtakaa kiti kimoja."

Tulilifunga tenki chini ya benchi, tukajaza dizeli hadi nusu, injini ikaitika. Tuliondoka ufukweni kwa ngurumo nzuri. Mdogo wangu alikuwa amekaa ukingoni, miguu inaning'inia ndani, anakula muhogo. Huyo ndiye niliyekuwa nikimbeba mgongoni kule kijijini kwetu Maposeni, aliyekuwa akiogopa hata dimbwi la mvua. Nilimtazama, nikatazama maji yaliyokuwa yanageuka rangi chini yake, kutoka kijani kwenda bluu, kutoka bluu kwenda karibu nyeusi. Kati yake na ule weusi palikuwa na ubao mmoja.

Nje kidogo mwera, ule upepo wa kusini, ukavuma. Nahodha akapandisha tanga, injini ikiwa bado inanguruma, kwa sababu tulitaka kujaribu vyote viwili. Mashua ikalala upande wa kushoto, kama inavyolala siku zote. Kisha nikasikia tenki langu. Dizeli yote ilikimbilia kushoto na kugonga ukuta, dum! Mashua ikalala zaidi. Ikajiinua, dizeli ikarudi kulia, dum! Wimbi likaja, mafuta yakakimbia tena, na safari hii ukingo wa mashua ukanywa maji.

"Mama, upande wa juu!" nahodha alipiga kelele.

"Uzito wangu uliucheka juzi, leo unautaka!" mkewe alijibu, lakini alikuwa ameshahama, ameegemea nje kwa mwili wake wote.

Injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Mafuta yalipokwenda kushoto, mdomo wa bomba ulibaki kulia, ukavuta hewa. Ikawa kimya. Tanga likapigapiga. Nilikuwa nimeshika mlingoti kwa mikono miwili, na jambo moja tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu: kama mle ndani angekuwemo mama mwenye uchungu, tenki langu lingemtupa majini. Dumu lile la zamani lilikuwa limewaishia mafuta tu.

Nahodha hakunilaumu. Alishusha tanga nusu, akaturudisha ufukweni taratibu, akisema na mashua kama mtu anayesema na ng'ombe. Tulipokanyaga mchanga ndipo aliponigeukia. "Fundi, umetuletea ziwa la pili. Moja linatutosha."

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza kucheka. Nilifikiri jinsi ya kulikaza zaidi, kulisogeza, kulipunguza. Kila nilichofikiri kilikuwa cha nchi kavu, mahali ambapo tenki likiwekwa limewekwa.

Mdogo wangu alikuwa anakamua kanga yake. Akaacha, maji yakimtiririka mikononi. "Kaka, yule mama jirani, alikuwa anaweka nini juu ya ndoo?"

Nikamwona palepale. Mjane wa nyumba ya pili pale Maposeni. Tulipobaki yatima, yeye ndiye aliyetuchotea maji kila asubuhi, ndoo yetu kabla ya ndoo yake, akipanda kile kilima kutoka mtoni, mpaka mdogo wetu wa mwisho alipoweza kubeba mwenyewe. Juu ya maji aliweka kitawi cha majani. Alitembea kwa haraka na halikumwagika hata tone. Nilimuuliza kwa nini. "Maji ukiyapa uwanja yanacheza," aliniambia. "Yawekee kizuizi, yatatulia."

"Majani," nilimjibu mdogo wangu. "Aliyanyima uwanja."

Nilirudi na tenki Songea. Nililimwaga, nikaliosha kwa sabuni na maji ya moto, nikalianika wazi siku kadhaa, kisha nikalijaza maji mpaka karibu na pale nitakapokata, maana chuma kilichobeba mafuta kinaweza kumuua mtu anayekigusa kwa moto. Nilipomaliza kulifungua juu nikayamwaga, nikasimamisha ndani kuta tatu za bati, kila mmoja nimeutoboa matundu chini na juu ili mafuta yapite polepole. Mdomo wa bomba nikauweka katikati, chini kabisa. Nikalifunga. Povu la sabuni tena. Pampu tena.

Tulipanda tena walewale wanne. Mwera ulikuwa mkali kuliko siku ya kwanza. Mashua ikalala, nami nikalala sakafuni nikabandika sikio kwenye tenki. Hapakuwa na kishindo. Nilisikia mafuta yakipenya ukuta kwa ukuta, shwaa, taratibu, kama mtoto anayevuta pumzi usingizini. Injini haikukosa hata pigo moja. Ziwa lote lilikuwa linaruka huko nje, na humu ndani, kwa sababu ya kitawi cha yule mama, lita za dizeli zilikuwa zimetulia.

"Fundi kasinzia?" nahodha aliuliza.

"Mwache," mdogo wangu akasema. "Anasali."

Tangu hapo mashua inakwenda na kurudi bila kuuliza upepo. Mdogo wangu hunipigia akifika na mgonjwa, na nyuma ya sauti yake naisikia injini.

Yule mama bado yuko Maposeni. Nilipopata ujira wangu wa kwanza nilimpelekea doti ya kanga. Aliipokea, akanishukuru, akasema, "Lakini deni la maji hulipwa kwa maji, mwanangu." Sasa amezeeka na bado anashuka mtoni na kindoo kidogo, na kitawi chake juu. Paa lake ni la bati na mvua za Maposeni ni nyingi. Nimeshapima urefu wa mifereji, na mahali pa tenki nimepasawazisha kwa jembe. Tenki lenyewe la maji ya mvua bado halijasimama. Leo asubuhi amepanda kilima tena.