Kukaa Mahali pa Mama, Guangzhou

Mama alipofariki, Khala alikosa mtu wa kwenda naye Guangzhou. Khala ni mdogo wake mama. Kila mwaka walikwenda wawili kununua vitambaa vya abaya kwa duka letu la Al Amerat, huku Omani. Khala alijua vitambaa, mama alijua kukaa na watu. Mwenye kiwanda, mama mmoja wa Kichina, alikuwa akiwawekea kitambaa kizuri kabla ya wateja wengine, na Khala mwenyewe alisema ni kwa ajili ya mama.

"Mara hii nnakuchukua wewe," akaniambia. "Ukiweza kukaa na yule mama wa kiwanda, tutakwenda pamoja kila mwaka. Ukishindwa, ntamchukua mke wa kaka yako, wewe utabaki nyumbani."

Sikutaka kubaki. Nyumba ilikuwa kimya, na mimi nilikuwa kimya zaidi. Lakini hamu ya kwenda pia sikuiona. Nikasema, "Haya."

Niliishia shule ya msingi, naandika polepole. Khala alikaa nami jikoni siku tatu, akisema, nami nikiandika. Kadi ya hoteli yenye maandishi ya Kichina usiiache chumbani, maana ndiyo utakayomwonyesha dereva wa teksi. Huko watu hulipa kwa simu, kwa hiyo iandae simu yako kwa malipo ungali Maskati. Mkahawa wa Waislamu utaujua kwa kibao chenye Kiarabu, hata hivyo uliza. Ukipewa kadi ya mtu, ipokee kwa mikono miwili, uisome kwanza, usiitie mkobani papo hapo. Mwenye kiwanda akiikataa halwa tutakayompelekea mara ya kwanza, mpe tena. Na habari ya msiba haitajwi mezani.

"Akikutilia chai, gonga meza kwa vidole viwili," akasema. "Ndiyo ahsante yao."

"Kama mtu anayepiga hodi?" akauliza mke wa kaka yangu, aliyekuwa akikatakata vitunguu.

"Kama mtu mwenye haya anayepiga hodi. Hilo huyu hahitaji kufundishwa."

Wakacheka. Mimi nikaandika: vidole viwili.

Tulipofika Guangzhou, yule mama wa kiwanda alitukalisha kwenye meza ya mbao. Vikombe vyake vilikuwa vidogo kama finjani zetu za kahawa, na hapo ndipo nilipokosea. Kwetu ukitosheka unatikisa finjani, basi, hutiliwi tena. Nilikunywa vitatu nikatikisa. Akatilia. Nikagonga meza, nikanywa chote, kwa sababu nimelelewa kutorudisha finjani ikiwa na kitu ndani. Nikatikisa. Akatilia. Kufika cha tisa Khala alinikanyaga mguu.

"Kiache kimejaa," akasema kwa Kiswahili, huku akimchekea mwenyeji. "Kikiwa kitupu anadhani una kiu. Unatikisa mkono kama mpiga kayamba."

Nikakiacha.

Kisha yule mama akasema na simu yake, na simu ikatafsiri, ikamuuliza Khala kwa Kiarabu: dada yako yuko wapi mwaka huu? Khala akaanza kusifu rangi za vitambaa. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akanigeukia mimi. Watu husema nimefanana na mama.

"Mwambie hakuweza kuja," Khala akaninong'oneza.

Hilo pia lilikuwa kweli. Nikaivuta simu, nikaandika kwa Kiarabu kwamba mama yangu amefariki. Nilikosea herufi, nikafuta, nikaandika tena. Wote wawili walinisubiri.

Alisoma. Akachukua kikombe changu, akamwaga chai iliyopoa, akatia ya moto, akakaa nayo mbele yetu bila ya yeyote kunywa. Baadaye akaingia ndani, akarudi na jora la kitambaa cheusi amelibeba mwenyewe, akaliweka mezani. Khala alikishika ukingoni kwa vidole. Kilikuwa kile kizuri.

Tulipokuwa kwenye lifti, Khala alisema, "Nilikwambia isitajwe mezani."

"Ndiyo, Khala."

"Mimi nisingeweza kuiandika." Akatazama namba za ghorofa zikishuka. "Mwakani tuje mapema kidogo, kabla ya joto."

Hapo nikajua kwamba sibaki nyumbani. Nikangoja furaha ije. Lifti ikafika chini, mlango ukafunguka, tukatoka kutafuta teksi.