Kihori cha Chumvi Chini ya Daraja

Enzi zetu, kabla watoto hawajaanza kusafiri kwa kidole kwenye simu, sisi wa upande wa Rongai, nje ya Nakuru, tulikuwa na bahari yetu. Ulikuwa mfereji uliochimbwa na mzungu wa zamani kupeleka maji shambani kwake, mwembamba kiasi kwamba mtu mzima aliuruka bila kushika kofia. Barabara ya murram, ile changarawe nyekundu, iliuvuka kwa daraja la mawe, na chini ya daraja hilo, ukutani, kulikuwa na pete ya chuma. Kiprono, rafiki yangu wa darasa la nne, aliapa kwamba meli zilifungwa pale. Hatukumpinga, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona meli.

Tukitoka shule tulikaa juu ya ukuta wa daraja, tukila githeri baridi ya mahindi na maharagwe, na mimi nikiumwa na swali moja: haya maji yanaishia wapi? Baba alijibu, "Huko." Mwalimu alisema haliko kwenye mtihani. Labda ndiyo maana mimi na shule hatukukaa sana.

Asubuhi moja ya likizo baba alimaliza kukamua, akaniachia ng'ombe saba niwachunge, akaanza kufunga mkebe wa maziwa kwenye baiskeli. Lori la maziwa lilikuwa likipita barabara kuu kila asubuhi na halikumngoja mtu. Mara tu alipogeuka, mimi na Kiprono tulikokota kihori, lile gogo lililochongwa ambamo ng'ombe walilambia chumvi. Tukamwaga chumvi, tukakitia majini, kikaelea! Nilikaa mbele na mwiko wa ugali kama kasia. Tulipofika darajani tukakifunga kwenye pete kwa kamba ya ndama, tupumzike kama mabaharia.

Ndipo tukasikia kwato.

Tulikuwa tumesahau kwamba gogo lile lilikuwa limelowa chumvi ya miaka mingi. Ng'ombe waliona chakula chao kinahama, wakakifuata ukingoni kwa mstari, kwa adabu ambayo hawakuwahi kunionyesha malishoni. Wawili waliingia majini wakaanza kulamba meli. Watano walisimama juu ya daraja wakichungulia. Na nyuma yao, baiskeli ya baba ikapiga breki.

"Nani amefungulia hawa?"

Kiprono akaninong'oneza, "Nyamaza, atadhani wamekuja wenyewe."

"Wamekuja wenyewe!" nikapaaza sauti.

Kichwa cha baba kikatokea ukingoni, juu chini.

"Chebet. Unaenda wapi?"

"Mwisho wa maji, baba."

"Na chumvi yangu?"

Lori likapiga honi mara mbili kule barabarani, likaenda zake. Mkebe mzima wa maziwa ukarudi nyumbani. Hakunichapa. Adhabu yangu ilikuwa kuyanywa. Nilikunywa maziwa mabichi, ya moto, ya mgando, chai isiyo na tone la maji, na kila kikombe mama alikuja nacho akisema, "Kunywa, nahodha." Kihori kikafungwa kwa mnyororo, na daraja likawa mwisho wa dunia yangu.

Nimezunguka sana tangu hapo. Nimeuza parachichi Longonot, nimepikia mafundi wa nyumba Lanet, na miaka miwili ya Kaptembwo ndiyo mirefu zaidi niliyowahi kukaa mahali. Majuzi nilirudi. Mfereji umekauka, umejaa nyasi, lakini magari bado yanavuka daraja kana kwamba kuna kitu chini. Kijana wa boda boda alikuwa ameegemea ukuta, nikamwonyesha pete, nikamwambia kuhusu meli.

"Mathe, meli Rongai?" Akachungulia simu. "Kwa ramani hakuna maji hapa."

Maskini, vijana hawa huona mwisho wa safari kabla ya kuvaa viatu. Nikashuka, nikaufuata mfereji kwa miguu. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Uliishia kwenye birika la simenti lenye nyufa, la kunyweshea ng'ombe, na ndama wa mtu alikuwa akililamba likiwa kavu.

Nilicheka peke yangu, kisha nikakaa ukingoni. Baba hayupo tena. Ningetamani kumwambia nimefika, na kwamba ng'ombe wake walikuwa kwenye njia sahihi kabisa. Namjua. Angeniangalia, angeuliza tu chumvi yake iko wapi.