Kadi ya Baba Mkwe

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani hatupi kitu. Vipande vya vitenge vinavyodondoka chini ya mashine navitia kwenye kiroba, na ikifika Desemba kiroba kimejaa, ndipo naanza kutengeneza kadi za Krismasi. Nilijifunza kwenye simu, kwa kumtazama mama mmoja wa nchi za mbali aliyekuwa na gundi za kila aina na mikasi ya kila umbo. Mimi nilikuwa na mkasi wangu wa kukatia nguo, unga wa ngano wa kupikia gundi, na kibanja cha migomba na kahawa nyuma ya nyumba yetu hapa Ihanda. Nikajisemea, akosaye la mama hata la mbwa huamwa.

Maganda makavu ya mgomba nayapiga pasi ya mkaa mpaka yanyooke, nakata nyumba, nakata miti, nakata watu. Maganda ya kahawa nayachemsha, maji yake napaka kwenye karatasi ipate rangi ya udongo. Nguo za watu ni kitenge. Nyota naipanga kwa punje za mtama. Na kwa kuwa mwisho wa mwaka kwetu ni majira ya senene, wale panzi wa kuliwa, malaika nawawekea mabawa ya senene, yale yanayobaki kwenye ungo tukishawanyonyoa. Ukimbandika malaika wa kitenge mabawa hayo mawili ya kijani, ukamwinua kwenye mwanga, hata mimi nanyamaza kidogo, na kunyamaza si tabia yangu.

Mwaka ninaousimulia, baba mkwe wangu alipigwa na kiharusi wakati wa masika. Mguu ulirudi, ulimi ulirudi, mkono wa kulia haukurudi. Yeye ndiye aliyepanda karibu kila mche wa kahawa ninaouona kutoka dirishani kwangu, kwa hiyo mkono ule ulikuwa mtu mzima katika nyumba hii, ulikuwa na heshima zake. Sasa kila asubuhi aliuinua kwa mkono wa kushoto, akauingiza kwenye mfuko wa koti, na hapo ukakaa mpaka usiku. Jua liwake lisiwake, koti halivuliwi. Akaanza kula peke yake chumbani, ameelekea ukutani, ili asionekane anavyomwaga.

Aliyeumia zaidi alikuwa mama mkwe. Wale wawili walikuwa wakipalilia pamoja huku wakibishana tangu asubuhi hadi jua la mchana, mzee akisema mama anakata mizizi, mama akisema mzee anapalilia kwa mdomo. Mabishano yale yalikwisha. Siku moja tukimenya ndizi aliniambia, bila kuinua macho: "Hata kuuosha hataki niuoshe. Nimezaa naye watoto saba, leo nafichwa mkono wake kama mpita njia." Nilimenya ndizi nyingi kuliko tulizohitaji.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa kilichotupata. Kwa mila zetu, mkamwana na baba mkwe hawagusani. Simpi mkono, siketi karibu naye, nikikutana naye kwenye njia ya kibanjani napisha. Shikamoo yangu naitoa nimepiga magoti, mbali kidogo. Nikimpelekea chai naiweka kwenye kigoda, narudi nyuma, ndipo yeye anaichukua. Wapo majirani walioacha mambo hayo, na watoto wangu wanatucheka. Sisi hatujaacha. Tangu niolewe nilikuwa sijawahi kugusa hata ncha ya kidole chake.

Mwishoni mwa Novemba nilikuwa nakata kadi barazani, yeye ameketi kwenye kiti chake upande wa pili, anatazama kahawa. Mume wangu alikuwa huko Nkwenda kwenye biashara yake ya mazao, watoto shuleni, mama mkwe kibanjani.

"Mkamwana," akaita.

"Abee baba."

"Hivyo unavyokatakata, mtu mzima anaweza kutengeneza?"

"Anaweza, baba."

"Kwa mkono mmoja?"

Mimi mwenye maneno ya kujaza debe nikatoa moja tu. Nikasema tutajaribu.

"Ni ya mama yenu," akasema, bado anatazama kahawa. "Nimemtesa mwaka huu. Maneno ya kumwambia sina, sikufundishwa. Nataka nimpe kitu nilichokifanya mwenyewe, ajue bado nipo." Kisha akanigeukia nusu. "Na usimwambie. Najua ni kazi ngumu kwako."

Basi tukaanza. Kigoda cha chai tukakiweka katikati ya baraza. Naweka ganda la mgomba, narudi nyuma, anasogea, anachukua. Anaweka mkasi, anarudi kitini, nasogea, nachukua. Mtu angetuona angedhani tunacheza ngoma. Mkasi wangu ni wa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto ulikuwa unalikunja ganda badala ya kulikata, kwa hiyo aliuacha. Alibana ganda kwa magoti, akalichana kwa ukucha na meno. Akitaka kubandika, anaweka kipande, anaweka tofali juu yake, na mpaka kesho yake ndipo anaendelea. Mimi si mtu wa subira. Mara nyingi nilitaka kumnyang'anya nimalizie, nikajizuia kwa kushona.

Alitengeneza mgomba mmoja mrefu, na chini yake watu wawili wenye majembe. Nyota ya mtama aliipanga mwenyewe, analowesha kidole, anaokota punje, anaiweka, anaitazama, anaisogeza. Mama mkwe akitokea na kuni, nafunika kila kitu kwa kitenge na kukanyaga cherehani kwa nguvu. Siku moja alisimama akanitazama, akaniuliza kwa nini nashona bila kitambaa. Nikamwambia naipasha mashine joto. Nadhani aliniona mwendawazimu, lakini alipita.

Kadi ilipokamilika tuliianika juani juu ya pipa ili gundi ikauke vizuri. Nikaingia ndani kuepua maharage. Niliporudi, mtetea wa mama mkwe alikuwa juu ya pipa. Alikuwa amekula nyota yote, punje baada ya punje, na alipomaliza nyota akapekua kwa miguu kutafuta kama kuna mtama mwingine chini ya watu wale wawili. Nilimfukuza kwa kiatu. Nikaapa kwamba Krismasi huyo kuku ataiona akiwa sufuriani. Lakini kadi ilikuwa imekwisha, na Krismasi ilikuwa kesho kutwa.

Mzee aliona vyote kutoka kitini kwake. Hakugomba. Aliusukuma mkono wake ndani zaidi ya mfuko, akasema, "Acha, mkamwana. Ndivyo ilivyo." Akainuka, akaingia chumbani.

Nilikasirika, tena si kidogo. Nilimkasirikia kuku, nikaukasirikia ugonjwa, nikajikasirikia mimi niliyejua fika kwamba mtama na kuku havikai pamoja. Nikachochea moto, nikapika gundi nyingine, nikapiga pasi maganda yaliyobaki ambayo hayakuwa yamekauka sawasawa. Nikaenda kusimama nje ya mlango wa chumba chake.

"Baba, njoo tuanze upya."

"Hakuna muda."

"Gundi haingoji, baba. Nimeshaipika, na unga si wa kuchezea."

Kisha nikasikia kitanda kikilia, na akatoka.

Maganda yale yenye unyevu yalikuwa na ukaidi. Kila alipobandika, yalijikunja. Tofali lingehitaji kutwa nzima kwa kila kipande, na kutwa nzima hatukuwa nazo za kutosha. Alijaribu kushika na kubonyeza kwa mkono ule ule mmoja, ganda likaruka. Akajaribu tena. Jasho likaanza kumtoka ndani ya lile koti. Kisha akatulia, akatazama mfuko wake. Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akautoa taratibu, akaulaza juu ya kadi.

"Huu angalau ni mzito," akasema, na akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu masika.

Lakini mkono uliteleza. Ganda lilijikunja, likausukuma pembeni. Akaurudisha, ukateleza tena, na safari hii akaanza kuurudisha mfukoni. Nikaona uso wake unavyojifunga. Sijui kama nilifikiri. Nilikipita kigoda, nikapiga magoti mbele yake, nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake nikaukandamiza kwenye kadi.

Nilitazama chini, naye, nadhani, alitazama juu. Nilikuwa natarajia kitu cha baridi, maana hata mimi nilishauona mkono ule kama kitu kilichokwisha kazi. Haukuwa wa baridi. Ulikuwa wa moto, na nilihisi mapigo ya moyo wake kwenye kifundo, polepole.

"Bonyeza, mwanangu," akasema. "Huku kwenye pembe ndiko kunakojikunja."

Baba yangu mzazi alifariki mimi nikiwa tumboni. Mjomba aliyenilea aliniita kwa jina, na huku nilikoolewa ni mkamwana. Hakuna mwanaume wa umri ule aliyewahi kuniita mwanangu, na sikujua kama neno hilo nalihitaji mpaka liliponifikia. Nililia, wala sioni aibu kusema.

"Usiilowanishe gundi," akasema mzee.

Tulifanya hivyo alasiri ile na kutwa ya kesho yake, mama mkwe alipokwenda sokoni na kanisani kusaidia kupamba. Mkono wake wa kushoto unapanga, wa kulia unakaa juu, wangu unakandamiza. Safari hii nyota tuliipanga kwa vipande vya kitenge cha manjano. Mtama hatukuutaja.

Siku ya Krismasi, tuliporudi kutoka ibadani, mzee alimwita mkewe barazani na kumpa kadi mbele yetu sote. Mama mkwe alipiga magoti, akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama.

"Huyu mwenye miguu mifupi ni mimi?"

"Ni wewe."

"Na huyu aliyesimama tu, hapalilii, ni wewe."

"Anapumzika," mzee akasema, na mume wangu akacheka mpaka akakohoa. Mama mkwe hakucheka. Alipitisha kidole gumba kwenye kadi, kwenye shina la mgomba, pale gundi ilipokuwa imefurika na kukauka na alama ya kiganja kizima ndani yake. Akakiweka kiganja chake juu ya alama ile. Kisha akaifunika kadi kwa khanga, akaingia.

Alinifuata jikoni. Nilikuwa naepua matoke.

"Nani alibonyeza pale kwenye shina?"

Nilijua nimekamatwa. "Ni mkono wake, mama. Ule wa kulia. Na wangu ulikuwa juu yake."

"Uliushika."

"Niliushika, mama. Nisamehe."

Nilisubiri maneno. Mama mkwe wangu ni mtu wa mila, na mdomo wake unajua njia. Lakini alivuta kigogo akakaa karibu na moto.

"Ni wa baridi?" akauliza.

"Hapana, mama. Ni wa moto."

"Usinidanganye."

"Ni wa moto, mama. Na mapigo yake nimeyasikia."

Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Nilidhani ananificha kwa sababu mkono umeshakufa," akasema. "Nilidhani usiku nalala na mkono wa maiti." Nilitaka kumkumbatia, ila mikono yangu ilikuwa na matoke.

Chakula kilipokuwa tayari, mzee alikuja mwenyewe kuketi nasi sebuleni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi. Kunawisha watu ni kazi yangu. Nilikuwa nimeshachukua jagi na beseni pale mama mkwe aliponipokonya. Alianza na mzee. Alipiga magoti, akaweka beseni mbele yake, naye akanyoosha mkono wa kushoto kama kawaida yake. Mama hakumwaga maji. Alikaa pale, jagi ameliinua, anangoja.

"Mama, chakula kinapoa," mume wangu akasema. Nilimkanyaga mguu.

Mzee alitazama beseni. Alimtazama mkewe. Kisha akashusha mkono wa kushoto, akauingiza mfukoni, akautoa ule mwingine, akauweka mikononi mwa mama.

Mama mkwe aliuosha kwa sabuni, kidole kimoja kimoja, na katikati ya vidole, na chini ya kucha zilizokuwa zimekua ndefu. Watoto walikuwa na njaa, wakangoja. Alipomaliza hakuuachia. Aliushika dhidi ya shavu lake, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko, akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama na taulo.

"Kweli," akasema. "Ni wa moto."