Mpini Uliokosa Kisu

Harufu ya plastiki iliyoungua, ikichanganyika na ya samaki mbichi, hunikasirisha mpaka leo. Hunirudisha Ilemela, nyuma ya nyumba yetu chini ya mawe makubwa, likizo ile ya darasa la tano nilipopoteza wiki nzima nikitengeneza kitu ambacho hakikustahili kuitwa kisu. Mama alikuwa akikaanga sato na kuwauza barazani. Kisu chake kilipokatika, alinituma sokoni Mabatini kununua kingine, na kwa mara ya kwanza alinituma peke yangu. Nilikuwa mtoto wa kupanga viatu mlangoni kwa kuvipima na uzi, kwa hiyo nilikagua kila kisu mezani hadi muuzaji akachoka. "Dada mdogo, unanunua kisu au unakichumbia?" Akachukua kimoja, akakata kamba nene kwa mkupuo mmoja. "Chuma cha springi ya lori hiki. Utamrithisha mjukuu wako." Akainama, akanifungia kisu kwenye gazeti chini ya meza. Mimi niliyekagua kila kitu, sikukagua kifurushi.

Nyumbani mama alianza kumchanja sato wa kwanza, kisu kikapinda. Kwa sato wa pili mpini ulibaki mkononi mwake, chuma kikabaki kwenye samaki. Tundu la mpini lilikuwa limejazwa plastiki ya ndoo iliyoyeyushwa, juu yake imepakwa kiwi ya viatu. Nilielewa palepale kwamba kilichokata kamba si hiki. "Ndicho ulichochagua?" mama aliuliza. Nikajibu, "Kinataka kunolewa tu, mama." Uongo huo ndio ulionifunga: ikabidi nikitengeneze mwenyewe. Sato aliyechanjwa vibaya humong'onyoka kwenye mafuta, na mteja akiona vipande hupita moja kwa moja. Ikabidi mama aazime kisu cha jirani yetu, Mama Kulwa, ambaye kila jioni alikifuata mwenyewe na kunichungulia nyuma ya nyumba: "Mganga wa visu, mgonjwa anaendeleaje?"

Mgonjwa hakuwa akiendelea. Nilikinoa juu ya jiwe mpaka vidole vikachubuka. Makali yalikuja, na kwenye kitunguu cha tatu yakaondoka. Nilikuwa nimewaona wahunzi wakitumbukiza chuma cha moto majini, basi nikapuliza jiko la mkaa hadi plastiki iliyobaki ikaungua na chuma kikawa chekundu, nikakitumbukiza. Kilitoka cheusi, kikapinda vilevile. Hakuna aliyeniambia kwamba chuma laini, hata ukipike wiki nzima, hakiwi kigumu. Mpini nao niliuchonga kwa tawi la mpera. Wa kwanza ulipasuka. Wa pili ulikaa upande, na ingawa haukuwa na shida nyingine, niliutupa nikilia kwa hasira. Kwa wa tatu nilichoma mkia wa chuma, nikausukuma kidogo ndani ya mti, nikautoa, nikauchoma tena, mpaka ukang'ang'ania. Kisha nikausugua mpini kwa kipande cha chupa hadi ukateleza kama kokoto ya ziwani.

Mama alikijaribu kwenye sato. Kikapinda. Sikuweza kudanganya tena. "Nilijua tangu siku ile, mama. Sikuangalia alichokifunga."

"Hata mimi nilijua," alisema, akiugeuzageuza mpini. "Lakini huu ni mzuri. Kesho nenda Mabatini ukautafutie kisu."

"Mimi?"

"Kwani nina mtoto mwingine anayesumbua wauza visu?"

Siku hizi nina jiko langu Butimba, na visu vyangu ni vya kiwandani, vimenyooka, hakuna anayeniapia kuhusu lori. Mpini ule uko kwa mama, umeshakula visu vitatu. Nikimlalamikia kuhusu yule muuzaji, hukumbuka kwa shida. Wala hakumbuki sato walioharibika. Anachokumbuka ni kwamba wiki ile nilinuka moshi. Mimi ndiye nisiyesahau. Mpaka leo nafungua kila kifurushi dukani, mbele ya aliyekifunga, huku foleni nyuma yangu ikiguna.